Msoma Mita na Koki Yake

Kwa miaka thelathini na minne Orrin Skaar alisoma mita za maji za mji wa Halvard, kaskazini mwa Minnesota, na kwa miaka yote hiyo hakumwambia mtu alichokisoma. Alijua nani kakimbiwa na mkewe kabla mchungaji hajajua. Aliijua nyumba ambayo binti karudi na kichanga, maana maji ya kufulia yalipanda ghafla, na alimjua mjane wa barabara ya kanisani ambaye alikuwa ameacha kuoga. Aliandika tarakimu zake, akagusa ukingo wa kofia, akaenda zake. Watu walimheshimu kwa hilo. Walisema siri ikiingia kwa Orrin imeingia kaburini.

Sifa hulewesha kuliko pombe, na Orrin alizinywa taratibu mpaka kichwa kikavimba. Alistaafu akiamini mambo mawili: kwamba hakuna mtu Halvard anayeyasoma maji kama yeye, na kwamba muungwana haulizi, anasubiri aambiwe. La kwanza lilikuwa kweli. La pili ndilo lililomponza.

Bomba la mji liliishia kwenye ua wake. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Wendell Ostby, dereva mstaafu wa lori la maziwa, ambaye alitumia maji ya kisima chake mwenyewe. Wawili hao walikuwa marafiki kwa miaka arobaini na moja. Kila asubuhi saa tatu walikunywa kahawa kwenye meza moja, na kila majira ya baridi waliketi kwenye kibanda chao juu ya ziwa lililoganda, kila mtu na ndoana yake katika tundu lake la barafu. Saa nzima ingepita hakuna aliyesema neno, na wakirudi nyumbani kila mmoja angemwambia mkewe kwamba walizungumza sana.

Mke wa Wendell aliitwa Avis. Alipiga kinanda kanisani, na yeye peke yake katika nyumba zile mbili ndiye aliyekuwa na mdomo. "Mimi sina mita, Orrin," alikuwa akimwambia huku akimmiminia kahawa. "Wengine wote unawasoma. Kwangu itabidi uulize, kama watu wenye adabu." Orrin alikuwa akiona haya mpaka masikio yanamwiva, na Marlys, mkewe, akicheka.

Mwezi Agosti Avis alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ule mdomo wake ukabaki na maneno machache, mengine si yale aliyoyakusudia. Nesi wa kaunti alikuja, akatazama ngazi, akatazama kitanda, akatazama mikono ya Wendell. Alisema Avis anaweza kubaki nyumbani kwake ilmradi asafishwe vizuri mara mbili kwa wiki ndani ya maji ya moto, ngozi isije ikaota vidonda. Vidonda vikitokea, atapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maili hamsini kutoka pale. Avis aliiogopa nyumba ile kuliko kifo. Mama yake alifia huko, amegeuzwa uso ukutani. Wendell alimwapia mbele ya nesi, na mbele ya Orrin na Marlys waliokuwa wamesimama mlangoni na bakuli la viazi na nyama, kwamba huko hatakwenda.

Kwa hiyo Orrin alijua. Naliandika hili mapema ili asije mtu akamtetea.

Oktoba kisima cha Wendell kilianza kutoa maji kwa kudondoka, kama ng'ombe aliyezeeka. Ya kunywa yalitosha, ya kupikia yalitosha kwa shida. Ya kujaza hodhi la kuogea hayakuwepo. Wachimbaji walisema ardhi ikishaganda hawatagusa kitu mpaka masika.

Hapa inabidi nieleze tabia yetu, maana bila hiyo hutaelewa kosa. Kwetu mtu akikukaribisha kitu, unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa tena, safari hii ukiangalia viatu vyako. Akikukaribisha mara ya tatu ndipo unasema, "Basi, kidogo tu, kama si usumbufu." Mtoto wa miaka mitano anaijua hesabu hii. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Na anayekaribisha mara mbili akaishia hapo, kila mtu anajua hakuwa na nia.

Mara ya kwanza ilikuwa mezani, kwenye kahawa. "Avis anaweza kuja kuoga kwetu," Orrin alisema. "Hodhi lipo, maji ya moto yapo."

Wendell alitazama kikombe chake. "Aa, tutajikaza tu."

Novemba bima iliwaandikia akina Skaar barua kwamba nyumba inayoachwa tupu wakati wa baridi lazima ifungwe koki janja. Ni koki ya kawaida kwenye bomba kuu, ila ina macho. Maji yakivuja inajifunga yenyewe, na kila bomba likifunguliwa ndani ya nyumba inaandika: limefunguliwa saa ngapi, limefungwa saa ngapi, zimepita galoni ngapi. Yote hayo unayasoma kwenye simu, hata ukiwa mwisho wa dunia. Orrin alikipenda chombo kile kuliko kitu chochote tangu astaafu. Alimshusha Wendell chumba cha chini akamwonyesha.

"Taa hii ikiwa ya bluu, mambo salama. Nyekundu, imejifunga yenyewe. Njano, nimeifunga mimi kwa simu."

"Kwa hiyo ukiwa kule jangwani utaniona nikisukutua mdomo hapa?"

"Sikuoni wewe. Naona maji."

"Si ndiyo hayo hayo," Wendell alisema, na wakapanda juu kunywa kahawa.

Tarehe nne Januari akina Skaar walifunga mizigo kwenda Arizona, kama kila mwaka tangu magoti ya Marlys yaanze kukataa baridi. Wendell alivuka ua kuja kuchukua ufunguo. Ni yeye aliyekuwa akiwaangalizia nyumba. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kukata masikio, na injini ilikuwa inanguruma.

"Maji tunayaacha wazi," Orrin alisema. "Mabomba ya kupasha nyumba joto yanayahitaji. Mlete Avis aoge."

"Hatutaki kuwasumbua, bwana. Nyie nendeni, njia ndefu."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Marlys alikuwa ameshakaa ndani ya gari, na alinyamaza akisubiri ya tatu. Lakini vidole vya Orrin vilikuwa vinamuuma, na alitaka kuiwahi barabara kabla theluji haijaanza tena. Alipiga paa la gari kwa kiganja. "Haya. Tuonane Aprili."

Walipopita kibao cha mwisho cha mji Marlys alisema, "Hukumkaribisha mara ya tatu."

"Amekataa."

"Amekataa mara mbili, Orrin."

"Mtu mzima yule. Akitaka atasema."

Arizona waliishi kwenye kiwanja cha nyumba za magurudumu, pamoja na wazee wengine wa kaskazini waliokimbia baridi. Asubuhi Orrin alikaa nje na fulana, akanywa kahawa, akafungua historia ya koki. Siku nne za kwanza tangu waondoke hazikuwa na kitu zaidi ya vijiko viwili vitatu vya mabomba ya joto. Siku ya tano, Jumatano, kulikuwa na mstari mpya: saa nane na dakika kumi mchana, dakika kumi na moja, galoni arobaini.

Mtu mwingine angeshtuka akadhani bomba limepasuka. Orrin hakushtuka hata kidogo. Choo ni galoni moja na nusu. Mtu akioga amesimama ni kumi na tano, ishirini akiwa msichana. Galoni arobaini kwa dakika kumi na moja, kisha kimya, ni hodhi limejazwa. Jumamosi mstari ulirudi, saa nane na dakika kumi. Jumatano tena. Jumamosi tena.

"Wendell anamwogesha Avis kwetu," alimwambia Marlys.

"Mungu ni mwema," Marlys alisema, akaendelea kukata vitunguu.

Na hapo ndipo mambo yangeishia, kama Orrin angekuwa mtu wa kawaida. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia Wendell simu, na Jumapili ile alisubiri aambiwe.

"Nyumba iko sawa?"

"Iko sawa," Wendell alisema. "Maji yanatembea vizuri. Nashukuru."

"Hakuna jipya?"

"Hakuna jipya. Samaki hawali mwaka huu."

Orrin aliweka simu chini, uso umemsawijika. Jumapili iliyofuata aliuliza kwa kuzunguka zaidi: vipi hodhi, halina kutu? Vipi sakafu ya bafuni, haina baridi sana? Wendell alijibu kwamba hodhi ni zuri na sakafu haina neno. Wala hakutaja jina la mkewe. Orrin akaanza kuona kwamba anafanywa mjinga. Mtu aliyekataa mbele yake, mara mbili, anaingia nyuma yake. Hakuona uchungu wa maji, nasema haki yake. Angempa Wendell ziwa zima. Kilichomuuma ni kwamba miaka arobaini na moja ya urafiki haikumtosha Wendell kufungua kinywa na kusema, "Tunatumia hodhi lenu."

"Basi muulize," Marlys alimwambia.

"Nikimuuliza ataaibika."

"Usipomuuliza utapasuka wewe. Unazisoma hizo tarakimu kila asubuhi kama mtu anayekuna kidonda."

"Nataka aseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

Orrin alirudi kwenye simu yake. Wazo lilikuwa limeshamwingia, na wazo la mtu mwenye kinyongo huja limevaa nguo za mzaha. Jumatano moja angeifunga koki mapema, kabla hawajaanza. Wendell angefungua bomba, akakuta pakavu, na hapo asingekuwa na budi: angepiga simu kusema, "Orrin, maji hayatoki." Naye Orrin angesema, "Ulikuwa unataka kuyafanyia nini, mzee?" Wangecheka. Mambo yangekuwa wazi, na maji yangerudi kabla Wendell hajafika jikoni. Aliliona tukio zima kichwani, hadi kicheko. Wanaanza saa nane na kumi, alijisemea. Nitafunga saa saba na robo, karibu saa nzima kabla, hata kofia hawajavaa.

Jumatano tarehe tano Februari aliitazama saa yake ya mkononi mpaka ikafika saa saba na robo, akabonyeza kitufe, akaweka simu mezani na sauti juu, akangoja. Simu haikulia. Saa nane ikapita, nane na nusu. Saa tisa alifungua historia.

Mstari wa tisa ulisomeka hivi: saa nane na dakika kumi, maji yamefunguliwa. Saa nane na robo, koki imefungwa kwa simu. Aliyefunga: Orrin. Galoni kumi na nane.

Aliusoma mara tatu. "Chombo hiki kimeharibika," alisema. "Nimefunga saa saba na robo. Chenyewe kinaandika saa nane na robo."

Marlys alikuja, akavaa miwani, akausoma. Kisha akaangalia saa ya mumewe. Sauti yake ilitoka ndogo sana. "Hiyo ni saa ya nyumbani, Orrin. Huku tuko nyuma kwa saa moja."

Kila mzee wa kiwanja kile alikuwa ameshafanya kosa hilo, wa kumpigia mjukuu akiwa darasani, wa kuikosa ibada ya kwenye televisheni. Wanacheka, wanasahihisha mshale. Orrin alikuwa amesahihisha saa yake siku waliyofika, na historia ya koki haikuwa imesahihishwa na mtu, maana koki ilikuwa Halvard na iliishi kwa saa ya Halvard. Mtu aliyesoma mita miaka thelathini na minne alisoma saa vibaya.

Aliifungua koki palepale. Hakuna maji yaliyopita.

"Mpigie," Marlys alisema. "Mpigie sasa hivi, umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa namchungulia tangu Januari?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Jumapili nitaongea naye."

Jumapili ilipofika, Wendell ndiye aliyeanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Koki yako ilifunga Jumatano."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Mtu aliyekuwa haulizi alikuwa ameulizwa, kwa upole, na rafiki yake. Marlys alikuwa amesimama karibu amefumbata kitambaa cha vyombo, akimwashiria kwa kichwa: sema.

"Ilifunga?" Orrin alisema. "Vyombo hivi vina wazimu. Kitakuwa kimeona hewa kwenye bomba."

"Taa ilikuwa ya njano," Wendell alisema.

"Taa zenyewe haziaminiki."

"Haya," Wendell alisema. "Nyumba iko sawa." Akakata simu.

Marlys alikitupa kitambaa kwenye sinki. Wiki nzima alimpikia mumewe na hakumsemesha, na mimi simlaumu.

Tangu siku hiyo historia ilikuwa tupu. Orrin aliifungua kila asubuhi, Jumatano na Jumamosi aliifungua mara mbili, tatu, akitegemea galoni arobaini kama mtu anayetegemea barua. Hakuna. Alijiambia labda kisima kimepona. Alijiambia labda Wendell kapata beseni kubwa. Akamtumia ujumbe mmoja tu, wa kusema kwamba koki imetengenezwa na haitasumbua tena, na Wendell akajibu, "Vizuri." Kumwambia lile lililokuwa kweli hakuweza. Alikuwa ameshasema uongo, na uongo wa mzee ni mgumu kumeza tena kuliko wa mtoto.

Mwisho wa Februari Corrine, dada yake Avis, alimpigia Marlys. Avis kapelekwa kwenye ile nyumba, maili hamsini. Baada ya siku moja ambayo Corrine hakuielewa vizuri, Avis alikataa kuvuliwa nguo mahali popote isipokuwa kitandani kwake. Wendell alijaribu kumsafisha kwa birika na taulo, akabeba ndoo kutoka kwa Corrine upande wa pili wa mji, akateleza kwenye barafu akavunjika mkono. Vidonda vikatokea. Nesi akaandika barua. "Alipotolewa mlangoni alikuwa anajaribu kusema neno," Corrine alisema, "ila lilitoka jingine."

Avis alifariki tarehe ishirini na tatu Machi. Walisema ni mapafu.

Akina Skaar waliendesha gari siku tatu kuwahi mazishi. Kwetu jeneza hubebwa na wanaume sita, na wa kwanza kuombwa ni jirani. Orrin alikuwa amenunua glavu nyeusi njiani. Alipofika kanisani alikuta sita wameshasimama: wapwa wawili, mtengeneza viatu, dereva mwenzake Wendell wa zamani, mwalimu wa kwaya, na mtu ambaye Orrin hakumjua hata jina. Alikaa benchi la tatu, glavu mfukoni. Chini, kwenye ukumbi wa kanisa, alikula mkate na nyama ya nguruwe na hakuna aliyemkosea adabu. Wendell alimpa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye plasta, akasema, "Asante kwa kuja," kama alivyowaambia wote.

Kesho yake saa tatu asubuhi Wendell alibisha hodi. Kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kubisha. Aliweka ufunguo juu ya meza ya jikoni, akabaki amesimama na koti lake.

"Pole, shemeji," Marlys alisema. "Keti."

"Nimekaa sana jana, shemeji." Akamgeukia Orrin. "Ile historia ya koki. Unayo bado?"

Orrin aliigusa simu mfukoni. "Ninayo."

"Nionyeshe."

Orrin alitoa simu, akairudisha nyuma mpaka Januari, akamsogezea. Wendell alivaa miwani kwa mkono mmoja. Aliweka kidole cha kushoto kwenye mstari wa kwanza na hakukiondoa haraka.

"Tarehe nane," alisema. "Nilimfunga mablanketi manne nikamburuta kwa kile kigari chetu cha kuvulia samaki. Katikati ya ua akaanza kucheka. Akasema 'samaki'. Sijui alikusudia kusema hivyo au alikusudia jingine, lakini lilifaa." Kidole kikashuka. "Kumi na moja, maji yalikuwa ya moto mno, akanitukana. Neno zima, halina kasoro. Kumi na tano sikumbuki. Kumi na nane aliimba. Hii hapa, ishirini na mbili, alilala humo humo, nikashika kichwa chake mpaka maji yakapoa."

Marlys alikuwa ameanza kulia kimyakimya. Orrin alisema, "Wendell, kwa nini hukuniambia? Kila Jumapili nilikuwa nakuuliza."

Wendell alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikwambie nini? Ulikuwa unaona. Ulinionyesha mwenyewe kwamba unaona kila kitu. Siku ya kwanza nilimwambia Avis, tuoge mara moja, Orrin akichukia atasema. Hukusema. Ukauliza kama sakafu ina baridi. Nikamwambia, umeona, hiyo ndiyo mara yake ya tatu. Ametukaribisha bila kutuaibisha." Alivua miwani akaipangusa kwenye koti, akaivaa tena. "Nilikuwa nakushukuru kila Jumapili. Hukusikia?"

Kidole kilifika kwenye mstari wa tisa. "Hapa alikuwa na sabuni kichwani. Alipenda aingie maji yakiwa bado yanapanda. Yakakatika. Nikamwambia ngoja, nikashuka chini nikaona taa. Nikapanda. Sikujua nimwambie nini, nikamwambia ukweli: Orrin ameyafunga. Nikamfuta sabuni kwa taulo kavu. Ilimwingia machoni. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema neno moja. 'Omba.' 'Omba.' Alidhani tulitakiwa tuombe ruhusa."

"Nilikosea saa," Orrin alisema. "Nilitaka kufunga kabla. Ilikuwa utani, Wendell, naapa. Nilitaka unipigie tu."

"Ungenipigia wewe."

Wendell aliutazama mstari ule, akauliza, "Hii inafutika?"

Orrin aliichukua simu kwa pupa, karibu kwa shukrani. "Inafutika. Yote inafutika, nikibonyeza hapa tu. Nifute?"

"Usithubutu," Wendell alisema. "Mwaka huu hakuna mahali pengine palipoandikwa kwamba Avis alikuwa hai. Nitakuja siku nyingine unisomee hizo nane." Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto. "Ya tisa utakuwa unajisomea mwenyewe."